Kiti kitupu cha Masisi

Barabara inayotoka Sake hupanda vilima vya Mushaki, hupita Masisi-kati na Nyabiondo, kisha huteremka kuelekea msitu wa Walikale. Wanaoitumia ni wale wale: wachuuzi wa maharage na viazi, vijana wa pikipiki, wachimba madini, akina mama wanaokwenda msibani upande wa pili. Ndoa zimevuka mpaka wa wilaya hizi mbili tangu enzi za mababu.

Tarehe 20 Desemba 2023 mpaka huo uligeuka ukuta. Walikale ilipiga kura. Mkaazi wake alipewa nafasi ya kumchagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Masisi haikupiga. Hapakuwa na orodha ya wapiga kura, hapakuwa na wagombea wa ubunge, hapakuwa na mashine hata moja.

Wilaya tatu ziliachwa nje ya uchaguzi huo nchini Kongo: Masisi na Rutshuru katika Kivu Kaskazini, na Kwamouth kule Mai-Ndombe. Sababu iliyotolewa ni usalama. Kwamouth ilikuwa na machafuko yake ya wanamgambo wa Mobondo. Masisi na Rutshuru zilikuwa na vita vya M23, kundi lililorudi kwa nguvu mwishoni mwa 2021, likauteka mji wa Bunagana Juni 2022 na Kitshanga Januari 2023.

Januari 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, ilipotoa matokeo ya awali ya ubunge, ilitaja majina 477. Bunge lina viti 500. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na wilaya za Masimanimba na Yakoma, ambako kura zilifutwa kwa sababu ya udanganyifu na vurugu. Sehemu nyingine ni ya zile wilaya tatu ambazo hazikupewa hata nafasi ya kudanganya.

Ibara ya 5 ya Katiba ya 2006 inasema kura ni ya wote, ni sawa na ni ya siri. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi nikidhani neno zito ni lile la siri. Ukiitazama Masisi, unaona uzito wote uko kwenye usawa.

Mlango wa kwanza ulikuwa uandikishaji

Kura ya Masisi haikupotea Desemba. Ilipotea miezi kadhaa kabla, wakati wa kuandikisha.

CENI ilianza kuandikisha wapiga kura 24 Desemba 2022, kanda kwa kanda, ikamaliza katikati ya 2023 ikiwa na watu karibu milioni 44. Wakati timu za kanda ya mashariki zilipoanza kazi, Kitshanga ilikuwa imekwisha kuanguka na maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea Sake na Goma, magodoro vichwani. Mitambo ya kuandikishia haikufanya kazi Masisi.

Kadi ya mpiga kura nchini Kongo haitumiki kwa kura peke yake. Kwa miaka mingi ndiyo kitambulisho cha mwananchi wa kawaida: ndiyo inayoonyeshwa kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye duka la kutuma pesa, kwenye kusajili laini ya simu. Kijana wa Masisi aliyefikisha miaka 18 baada ya uchaguzi wa 2018 alikosa vyote viwili kwa mpigo, sauti na karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni nani. Anayejua vizuizi vya barabara za Kivu anaelewa maana yake.

Kuna jambo lingine wananchi wa Masisi wanalolalamikia, na wana haki. Mwaka 2023 wilaya nzima haikuwa mikononi mwa waasi. Masisi-kati, makao ya wilaya, ilikuwa bado chini ya serikali. M23 waliiteka Januari 2025, mwaka mzima na zaidi baada ya uchaguzi. Hata hivyo wilaya ilichukuliwa kama kipande kimoja, ikafungwa yote.

> Masisi-kati ilikuwa bado chini ya serikali siku ya uchaguzi. Wilaya ilifungwa yote.

Hoja ya tume

Tuwatendee haki watu wa CENI. Denis Kadima, mwenyekiti wake tangu Oktoba 2021, alikuwa na saa ya Katiba inayogonga. Muhula wa rais ulikuwa unakwisha Januari 2024. Nchi ilishaonja ladha ya kalenda kuvunjwa: uchaguzi uliopaswa kufanyika 2016 ulisogezwa hadi mwisho wa 2018, na damu ilimwagika barabarani. Kuisubiri Masisi kungeweza kumpa aliyeko madarakani kisingizio kitamu cha kutoondoka.

Pili, hakuna sheria inayomlazimisha karani wa uchaguzi kufa. Kupeleka vijana na mashine kwenye vilima ambako mizinga inalia ni kuwatoa kafara.

Tatu, na hii ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, kura inayopigwa chini ya bunduki inaweza kuwa mbaya kuliko kura isiyopigwa. Masisi na Walikale zina ushahidi wake.

Rudi nyuma hadi uchaguzi wa 28 Novemba 2011. Masisi ilikuwa imejaa askari waliotoka CNDP, kundi lililoingizwa jeshini bila kuvunjwa. Human Rights Watch iliripoti kwamba watu hao walikuwa wakiwashurutisha wapiga kura. Matokeo yake yalichafuka kiasi kwamba tume yenyewe iliiomba Mahakama ya Juu iyafute matokeo ya ubunge ya Masisi, pamoja na ya maeneo mengine machache.

Walikale mwaka huo huo ilikuwa na kioja chake. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Mai-Mai aliyekuwa na hati ya kukamatwa, aligombea ubunge. Hati hiyo ilihusu ubakaji wa halaiki uliofanyika kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010 katika vijiji 13 kwenye njia ya Kibua na Mpofi, ambako Umoja wa Mataifa ulihesabu waathiriwa wasiopungua 387. Jina lake lilipokelewa, likachapishwa kwenye karatasi ya kura, na wanawake wa vijiji hivyo wakatakiwa kuchagua kati yake na wengine. Alishindwa. Alijisalimisha 2017, na mahakama ya kijeshi ya Goma ikamhukumu kifungo cha maisha Novemba 2020.

Kwa hiyo anayesema kwamba kuchelewesha kura ni afadhali kuliko kuivuruga hatungi hadithi. Swali ni moja: kuchelewesha hadi lini?

Masimanimba na Yakoma, zilikofutwa kura kwa udanganyifu, zilirudi vituoni 15 Desemba 2024, chini ya mwaka mmoja baadaye. Aliyeiba kura alisubiri karibu miezi 12. Aliyekimbia mabomu bado anasubiri.

Hoja ya wingi wa kura

Kinshasa kuna jibu linalotolewa kwa urahisi kila suala hili linapoguswa. Félix Tshisekedi alishinda kwa zaidi ya asilimia 73. Wa pili, Moïse Katumbi, alipata asilimia 18 hivi. Hata Masisi na Rutshuru nzima zingempigia Katumbi, mshindi angebaki yule yule. Basi kelele za nini?

Hesabu hiyo ni sahihi kwa 2023. Ndiyo maana inabidi tuipeleke 2018 tuone inavyosimama.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba wakaazi wa Beni mjini, wilaya ya Beni, Butembo na Yumbi kule Mai-Ndombe wasingepiga kura pamoja na wenzao. Sababu: Ebola na mauaji. Wangepiga Machi 2019. Lakini rais mpya angeapishwa Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni 1.2 waliambiwa watamchagua mbunge, rais watamkuta.

Wananchi wa Beni walikataa. Siku ya 30 Desemba walijipanga foleni, wakaandaa karatasi na masanduku yao wenyewe, wakapiga kura isiyotambuliwa na mtu. Walitaka kuonyesha kwamba Ebola, iliyowaruhusu kwenda sokoni na kanisani, ingewaruhusu na kupiga kura.

Kisha yakaja matokeo. Tshisekedi alitangazwa kupata kura 7,051,013. Martin Fayulu 6,366,732. Tofauti ilikuwa chini ya laki saba. Waliozuiwa walikuwa zaidi ya milioni moja na laki mbili, tena katika ngome ya upinzani. Tuache kando malumbano makubwa ya mwaka ule, yakiwemo ya Kanisa Katoliki lililosema takwimu za watazamaji wake hazikulingana na zilizotangazwa. Hata ukizikubali takwimu rasmi neno kwa neno, kundi lililofungiwa nje lilikuwa kubwa kuliko pengo la ushindi.

> Tofauti ya kura 2018: 684,281. Waliozuiwa kumpigia rais: zaidi ya milioni 1.2.

Duru ya pili ingesaidia. Mwaka 2006 ilikuwepo: wagombea wawili wa kwanza, Kabila na Bemba, walikutana tena 29 Oktoba. Marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yaliifuta. Tangu hapo mtu anaweza kuwa rais kwa asilimia 38 na ushee, kama 2018, na katika mashindano ya namna hiyo kila wilaya inayokosekana ina uzito wa kugeuza matokeo.

Kenya nao walipita hapo. Katika marudio ya uchaguzi wa rais ya 26 Oktoba 2017, upigaji kura ulishindikana katika kaunti nne za Nyanza: Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori. Uliahirishwa, kisha ukaachwa kabisa. Mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza Uhuru Kenyatta kwa asilimia 98, akiegemea sheria inayoruhusu kutangaza mshindi pale maeneo yaliyobaki hayawezi kubadili matokeo. Mahakama ya Juu ilikubali. Kisheria ilipita. Lakini muulize mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, kama alihisi kuwa raia sawa na wengine siku ile.

Hoja ya kwamba kura yako haingebadilisha kitu ina kasoro moja ya msingi. Kura ya mtu mmoja karibu popote duniani haibadilishi mshindi. Tukiikubali hoja hiyo kwa Masisi, tumwambie na mkaazi wa Gombe, katikati ya Kinshasa, abaki nyumbani.

Na huko kwenye ubunge?

Kwa rais, Masisi ni tone katika ziwa. Kwa ubunge mambo yanageuka, kwa sababu kiti cha Masisi hakiwezi kujazwa na mtu wa kwingine.

Jinsi viti 500 vinavyogawanywa, wengi hawajui, na wanasiasa hawaoni haraka ya kuwaeleza. Idadi ya walioandikishwa nchini hugawanywa kwa 500. Kwa watu karibu milioni 44, kila kiti kinapata wastani wa waandikishwa 88,000. Halafu kila jimbo, na ndani yake kila wilaya na mji, hupewa viti kulingana na walioandikishwa humo. Wilaya ndogo kabisa huhakikishiwa kiti kimoja.

Zingatia: waandikishwa, wala si wakaazi. Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Anayesoma makala haya akiwa na miaka 40 hajawahi kuhesabiwa. Badala ya sensa, daftari la wapiga kura limekuwa ndilo kipimo cha watu.

Chukua mfano wa kubuni. Wilaya mbili zina watu 700,000 kila moja. Ya kwanza ina barabara na amani, inaandikisha 350,000: viti vinne. Ya pili ni msitu, mitambo imechelewa, kijiji kimoja kiko mwendo wa siku mbili kwa mguu, wengine wamekimbia. Inaandikisha 175,000: viti viwili. Watu ni wale wale, wabunge ni nusu. Na hali hiyo inakaa miaka mitano.

Mfano huo unaifaa Walikale. Ndiyo wilaya kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na sehemu kubwa ni msitu. Bati linalotoka mgodi wa Bisie hufika soko la dunia. Mtambo wa kuandikishia haufiki kila kijiji. Ilipiga kura 2023, lakini uzito wa kura yake uliamuliwa na idadi ya kadi zilizotoka kabla, na kadi hufuata barabara.

> Kongo haina sensa tangu 1984. Viti vya Bunge hugawanywa kwa idadi ya kadi.

Kuna ngazi ya pili ya kupoteza uzito, nayo imo ndani ya hesabu ya kura zenyewe. Penye kiti kimoja, mwenye kura nyingi anashinda. Penye viti zaidi, mpiga kura humchagua mgombea mmoja kwenye orodha ya chama, kura huhesabiwa kwa orodha, na viti vinavyobaki baada ya mgawanyo wa kwanza huenda kwa wenye salio kubwa.

Tuseme viti ni vinne na kura ni 120,000. Bei ya kiti ni kura 30,000. Orodha ya kwanza ina 50,000, ya pili 40,000, ya tatu 18,000, ya nne 12,000. Ya kwanza na ya pili zinachukua kiti kimoja kimoja. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa salio kubwa: ya kwanza, yenye salio la 20,000, na ya tatu yenye 18,000. Hivyo orodha ya kura 40,000 ina mbunge mmoja, na orodha ya kura 18,000 ina mbunge mmoja.

Utasema hiyo ni dhuluma. Mimi naiona kuwa ni upole wa mfumo. Katika wilaya kama Masisi, wanakoishi Wahunde, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengine, au Walikale ya Wanyanga, Wakano, Wakumu, Wahunde na Wahutu, nafasi ya kundi dogo kupata hata kiti kimoja inawapa watu sababu ya kubaki ndani ya siasa badala ya kuingia porini.

Tatizo ni kwamba sheria ya Desemba 2017 iliuchukua upole huo kwa mkono wa pili. Iliweka kizingiti: chama au muungano usiopata asilimia moja ya kura halali za nchi nzima hauingii katika kugawana viti vya Bunge la Taifa. Marekebisho ya Juni 2022 yalikibakiza. Mwaka 2023 asilimia moja ilikuwa na maana ya kura kama 180,000. Kwa hiyo chama cha watu wa Walikale tupu, hata kikipendwa na watu laki moja wa wilaya hiyo, kinatoka mikono mitupu. Katika mfano wetu, orodha ya tatu ikianguka kwenye kizingiti, kura zake 18,000 zinatolewa kwenye hesabu na kiti chake kinakwenda kwa orodha ya pili.

Waliotunga kizingiti walisema wanataka kupunguza utitiri wa vyama, na utitiri kweli upo. Vingine ni mkoba na muhuri. Lakini dawa hiyo inamlazimisha mgombea wa Pinga au Hombo, huko Walikale, kwenda Kinshasa kuomba hifadhi ya muungano mkubwa. Akirudi na kiti, deni lake liko kwa nani?

Vita vya nani ahesabiwe

Hapa ndipo Masisi inapotofautiana na Kisumu na kwingineko. Kuhesabu nani ni raia kumewahi kuua.

Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Wabelgiji uliwahamishia Masisi makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kwa ajili ya mashamba ya walowezi, juu ya ardhi ya Wahunde. Uliwapa hata utemi wao, Gishari, kisha ukaufuta 1957. Baada ya uhuru Kinshasa iliwapa uraia kwa sheria ya 1972 na kuwanyang'anya kwa sheria ya 1981. Mwaka 1991 serikali ilianza kutambua nani ni raia na nani si raia, huku siasa ya vyama vingi ikinukia. Kila mtu alielewa maana yake: ikiwa hawa watapiga kura, fulani atakuwa mtawala, wasipopiga, atakuwa mwingine.

Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi. Maelfu walikufa kabla ya mkimbizi hata mmoja wa 1994 kuvuka kutoka Rwanda. Anayedhani vita vya Kivu vilianzia Kigali peke yake aanzie Ntoto.

Sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilijaribu kufunga jeraha kwa kusema kwamba makabila yaliyokuwepo nchini wakati wa uhuru ni ya Wakongo. Jeraha halikufunga vizuri. Ndiyo maana leo kila pendekezo la kuandikisha watu Masisi linazusha maswali mawili yanayopingana. Upande mmoja unauliza: mkiandikisha sasa, wakati wenyeji wako ukimbizini na M23 wanatawala vilima, mtakuwa mnaandikisha nani? Upande mwingine unauliza: mkiendelea kungoja, si mnatumia vita kutufuta tena kwenye orodha ya raia?

Pande zote mbili zina woga wa kweli. Woga huo haupungui kwa kuacha daftari wazi, unakua. Daftari la zamani linazeeka, waliokufa wanabaki humo, vijana hawamo, na siku amani itakaporudi mabishano ya nani ni nani yataanza bila karatasi yoyote ya kuegemea.

Halafu kuna dhihaka ya historia ambayo mwandishi wa tamthilia angeona haya kuitunga. Mwenyekiti wa CENI aliyeifungia Beni na Butembo nje ya uchaguzi wa rais 2018 alikuwa Corneille Nangaa. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi ambao Masisi haikushiriki, Nangaa alikuwa Nairobi akizindua Alliance Fleuve Congo, muungano wake na M23. Anailaumu serikali kwa kuiba sauti ya wananchi. Mahakama ya kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu kifo Agosti 2024 bila yeye kuwepo. Wananchi wa Masisi wamekosa kura mikononi mwa tume, na sasa wanatawaliwa bila kura mikononi mwa aliyewahi kuiongoza.

Usawa una vipimo vingi

Hakuna nchi yenye kura za uzito sawa kabisa. Kenya inaruhusu kwa ibara ya 89 ya Katiba yake eneo bunge lizidi au lipungue wastani kwa asilimia 40 mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Uchaguzi wa Tanzania wa 2020 ulikuwa na majimbo 264 ya Bunge la Muungano, 50 yakiwa Zanzibar. Ukilinganisha na sensa ya 2022, iliyohesabu Wazanzibari wasiofika milioni mbili kati ya Watanzania milioni 61.7, mbunge mmoja wa Visiwani alikuwa akisimamia watu karibu 38,000, na wa Bara karibu 280,000.

Wapo wanaoulalamikia mgawanyo huo kila mwaka. Lakini una asili inayojulikana: ni masharti ya muungano wa nchi mbili, na unajadiliwa kwa majina yake. Sifuri ya Masisi hakuna aliyeijadili. Ilitokea tu, ikazoeleka.

Na sifuri hiyo inazaa nyingine. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua gavana na maseneta, kwa hiyo asiyemchagua mbunge wa jimbo amepoteza na hao. Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu 6 Mei 2021, gavana wake ni afisa mwenye sare, na maazimio ya kuirefusha yamepita Bungeni tena na tena. Tangu bunge jipya liingie 2024, kura hizo za kuongeza muda wa utawala wa kijeshi zimepigwa bila mbunge hata mmoja aliyechaguliwa na Masisi mwaka 2023.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alisema ataunda tume ya kutafakari katiba mpya. Ikiwa mjadala huo utafika kwenye kura ya maoni wakati Masisi na Rutshuru zingali zimefungwa, tutakuwa na sheria mama iliyopitishwa bila wilaya hizo mbili zilizomo vitani.

Kinachoweza kufanyika sasa

Uchaguzi wa Masisi-kati hauwezi kufanyika kesho. Machi 2025 hata Walikale-kati ilitekwa, ikaachwa wiki mbili baadaye, na kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zilikuwa zimekwisha kubomolewa Februari kwa amri ya M23. Watu wametawanyika hadi Walikale, Lubero, Bukavu, Uganda na Burundi.

Hata hivyo mtu aliyehama hajapoteza wilaya yake. Bunge linaweza kupitisha sheria inayomruhusu mkimbizi wa ndani kuandikishwa na kupigia kura wilaya ya asili yake popote alipo, kwa orodha iliyobandikwa hadharani ili majirani zake, wawe Wahunde au Wahutu, waikague na kuipinga kwa ushahidi. Linaweza kuacha kugawa viti kwa daftari lililojaa mapengo, na kutumia makadirio ya watu hadi sensa ifanyike. Linaweza kuandika kwamba eneo lililoahirishwa kwa usalama lina tarehe ya mwisho kama lile lililofutwa kwa wizi, na tarehe hiyo ikipita, tume ieleze Bungeni kwa maandishi. Kizingiti cha asilimia moja nacho kinaweza kuhesabiwa ndani ya jimbo badala ya nchi nzima.

Na walioketi Doha na Washington kutia saini mapatano ya amani ya 2025 wangepaswa kuulizwa ni aya gani inayotaja siku ambayo Masisi itapiga kura.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa Katiba iliyopo, ni wa mwishoni mwa 2028. Mkaazi wa Masisi aliyetimiza miaka 18 Januari 2019 atakuwa anakaribia 28, na hajawahi kuchagua mtu yeyote.